Kuzuia Maji Kuvuja kwenye Viyoyozi vya Majumbani: Mwongozo kwa Mafundi na Watunza Nyumba wa Raskazone

Mwongozo huu ni wa fundi anayeitwa kwenda Raskazone kwa sababu "AC inamwaga maji", na wa mtunza nyumba anayemwita. Kwanza wote wawili wakubaliane kwamba maji hayo hayatoki kwenye gesi. Gesi hata ikivuja yote haigeuki kuwa maji. Maji yanatoka hewani, na kuyatoa huko ndiyo kazi ya mashine. Mwaka 1902, Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, kilichomsumbua mwenye kiwanda hakikuwa joto bali unyevu uliovimbisha karatasi na kuharibu mpangilio wa rangi. Kiyoyozi kinachotoa maji mengi, basi, kinafanya kazi yake. Mara nyingi chenye hitilafu ni njia ya kuyatolea nje.

Raskazone ni rasi, na upepo wake unatoka baharini. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali isiyo ngeni pwani ya Tanga, hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kinakuwa na zaidi ya lita 1 ya maji yasiyoonekana, na mlango ukifunguliwa yanaingia mengine. Katika hewa hiyo, kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 26 hutoka jasho. Ufungaji unaovumilika Dodoma hapa utalowesha ukuta.

Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye swichi kuu ya kiyoyozi. Rimoti husimamisha mashine tu. Umeme unabaki ndani.

Anza ukaguzi nje, kwenye mwisho wa mpira wa kutolea maji. Utakuta nyigu wameziba tundu kwa udongo, au mjusi kafiri amefia humo, au, mara nyingi zaidi, ute mzito unaoota kwenye maji yaliyotuama gizani. Uchafu uvutwe kutoka nje kwa mashine ya kunyonya. Usipulize kwa nguvu kuelekea ndani: uchafu unarudi kwenye trei inayokusanya maji ndani ya mashine, na kiungo kilicho ndani ya ukuta kinaweza kuchomoka pasipo mtu kujua. Baada ya hapo suuza kwa maji ya uvuguvugu. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isitumike, kwa kuwa inakula alumini, na kuichanganya na siki ni hatari kwa mapafu ya fundi.

Mtunza nyumba naye ana la kuangalia. Kuna mazoea ya kuweka dumu chini ya mpira ili maji yakamwagilie bustani. Si vibaya, ila mpira ukizama ndani ya maji ya dumu, hewa hunaswa na maji hukataa kushuka. Asubuhi kitanda kimelowa. Mdomo wa mpira uishie juu ya mdomo wa dumu, kwa umbali wa kiganja kimoja hivi. Maji hayo si ya kunywa.

Mpira ushuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kufanya tumbo katikati. Tumia pimamaji, jicho hudanganya, hasa kwenye nyumba za zamani ambazo dari zake haziko sawa. Tundu la ukutani nalo liinamie nje, na likishapitisha mabomba lizibwe vizuri. Wakati wa masika mvua inayosukumwa na upepo hupita kwenye tundu lililoinamia ndani, na lawama zote huangukia kiyoyozi. Ukiambiwa kinavuja hata kikiwa kimezimwa tangu jana, kagua tundu kabla ya kufungua mashine.

Angalia pia skrubu zinazoshika bati la ukutani. Chumvi ya bahari huzila taratibu, mashine inalegea upande mmoja, na maji yanakusanyika kwenye kona isiyo na tundu la kutokea. Skrubu za chuma cha pua ni ghali kidogo lakini hapa si anasa.

Kama matone yanaonekana kwenye mabomba yenyewe, shida ni jasho. Sponji inayoyavika hukauka na kupasuka kwa jua. Kila bomba livikwe sponji yake peke yake, na maungio yafungwe kwa utepe pasibaki upenyo. Mpira wa maji unaopita juu ya dari uvikwe vilevile, maana maji yaliyomo ni ya baridi.

Barafu kwenye koili ni habari nyingine. Inapoyeyuka, kwa mfano umeme ukikatika, maji hushuka kwa wingi ambao trei haikukusudiwa kuupokea. Zima, acha iyeyuke, wala usiikwangue kwa bisibisi. Kisha osha filta. Majira ya kaskazi filta ioshwe kila wiki mbili, kazi ambayo mtunza nyumba anaiweza bila fundi. Barafu ikirudi na filta ni safi na feni inazunguka vizuri, ndipo upime gesi. Kumtoza mteja gesi kabla ya hatua hizo si haki, ingawa hutokea kila siku. Gesi haiishi kama mkaa. Ikipungua pana tundu, nalo litafutwe kwa povu la sabuni kwenye maungio, lizibwe, ndipo ijazwe. Iliyobaki isiachiliwe hewani: inaongeza joto la dunia, na zile za zamani aina ya R22 huharibu pia tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inaziondoa sokoni.

Kazi isikabidhiwe kabla ya kujaribiwa. Umeme ukiwa bado umezimwa, mimina lita 1 ya maji safi kwenye trei, polepole, huku mtu mwingine akisimama nje kwenye mdomo wa mpira. Maji yatoke mfululizo, na yakiisha trei isibaki na kidimbwi. Pitisha mkono mkavu ukutani chini ya mashine. Kisha washa, funga madirisha, subiri saa moja, na upitishe mkono tena pale pale mbele ya mwenye nyumba.