Neno 'Helpful' na Tatizo la Kisawe Chake katika Kiswahili: Mifano ya Mwaloni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya neno la Kiingereza 'helpful' pamoja na matatizo yanayomkabili mfasiri anapolihamishia katika Kiswahili. Neno hilo ni kivumishi kimoja kinachoweza kumsifu mtu, chombo, ushauri au hata mapumziko ya siku mbili. Kiswahili hakina kivumishi kimoja chenye upana huo. Hoja yetu ni kwamba hali hiyo si upungufu. Kiswahili kimeigawa dhana hiyo kwa kufuata uhusiano uliopo baina ya anayesaidia na anayesaidiwa, na mfasiri asiyeuzingatia mgawanyo huo huweza kumshusha mtu cheo au kumharibia jina bila kukusudia.

Mifano tumeiunda wenyewe, na tumeiweka katika mazingira ya Rukuba, kisiwa cha wavuvi kilichomo katika Ziwa Victoria, Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara. Katika mwambao wa Musoma Kiswahili huzungumzwa pamoja na lugha kama Kijita, Kikwaya na Kiruri, lakini barua na taarifa za serikali huandikwa kwa Kiswahili. Isitoshe, katika uvuvi mtu husaidia na chombo nacho husaidia, ila kila kimoja kwa namna yake.

2.0 Vitenzi -faa na -saidia

Tuangalie sentensi zifuatazo:

(1) a. Taa hii inafaa kwa kuvulia dagaa.
b. Taa hii imetufaa sana.
c. Jirani ametusaidia kuvuta wavu.

Katika (1a) kitenzi -faa kinataja sifa: taa ina ubora unaotakiwa, hata kama bado haijawashwa. Katika (1b) kiambishi cha yambwa -tu- kinamleta mnufaika, na sifa inageuka kuwa tukio. Sentensi (1c) ni tofauti. Kitenzi -saidia kinadokeza kwamba kazi ilikuwa yetu, na jirani ameingiza mkono wake katika kazi hiyo kwa hiari. Ni kweli kwamba husemwa pia 'dawa imenisaidia', kwa hiyo mpaka baina ya vitenzi hivi si ukuta. Hata hivyo, anayesaidiwa hubaki kuwa mwenye shughuli.

Kitenzi -faa huweza pia kutumika kwa mtu, kama inavyoshuhudia methali 'Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki'. Hapa sifa ni kubwa kuliko ile ya 'helpful', maana inapima urafiki wenyewe. Uzito huo huonekana zaidi katika ukanushi. 'Hakutufaa' husimulia tukio lililopita, ilhali 'hafai' humhukumu mtu mzima.

3.0 Msaidizi na -saidizi

Mfasiri anaweza kushawishika kutumia umbo -saidizi, kwa kuwa lina sura ya kivumishi. Lakini umbo hili limekwisha kupewa kazi nyingine: kuonyesha daraja. Kitenzi kisaidizi hutegemea kitenzi kikuu. Kamishna Msaidizi yuko chini ya Kamishna. Naye saidia fundi kwenye ujenzi hubeba zege na maji kwa amri ya fundi. Msaidizi anaweza kuwa mvivu na bado akaitwa msaidizi, kwa sababu neno linataja nafasi na halitaji mwenendo. Kwa hiyo, kumwita mzee wa kijiji 'mtu msaidizi' kwa nia ya kumsifu ni kumweka chini ya mkubwa asiyekuwapo.

4.0 Msaada, fadhila na ushirikiano

Nomino nazo zina historia zake. Neno msaada lilipata uzito wa kisiasa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, chini ya uongozi wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara. Azimio hilo lilitahadharisha kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kunahatarisha uhuru wa nchi. Fadhila huacha deni la shukrani. Ndiyo maana methali 'Fadhila za punda ni mateke' huwalaumu wasiolipa deni hilo. Ushirikiano, kwa upande wake, huwaweka wahusika katika ngazi moja, na ndilo neno linalopendwa maofisini: 'Mwenyekiti alitupa ushirikiano mkubwa.'

5.0 Mfano wa taarifa

Tuchukulie kwamba taarifa ya Kiingereza imesema kiongozi wa mwalo hakuwa 'helpful' kwa watafiti waliofika kisiwani. Tafsiri tatu zinawezekana:

(2) a. Kiongozi wa mwalo hafai.
b. Kiongozi wa mwalo hakutusaidia.
c. Kiongozi wa mwalo hakutupa ushirikiano.

Sentensi (2a) ni hoja ya kumwondoa madarakani. Sentensi (2b) haionyeshi kama alikataa au alishindwa. Sentensi (2c), ingawa ina sauti ya upole, ni shtaka la kiofisi: inadokeza kwamba alikuwa na wajibu akaukwepa. Kiingereza kinaweza kuyafunika yote haya kwa neno moja; Kiswahili kinamdai mfasiri achague. Na huenda hakuna hata moja iliyo ya haki. Ikiwa siku ile kiongozi alikuwa ziwani akivua, tafsiri iliyo sahihi ni 'hatukumkuta'. Hapo mfasiri hana budi kumwuliza mwandishi ni jambo gani hasa lililotokea, kwa kuwa atakayeisoma taarifa kwa Kiswahili ni kiongozi mwenyewe pamoja na wanakijiji wenzake.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba 'helpful' haina kisawe kimoja katika Kiswahili. Tunapendekeza kwamba kamusi za Kiingereza na Kiswahili zisiishie kuorodhesha visawe vyake kwa mkupuo, bali zionyeshe kila kimoja katika sentensi: nani anasaidia, kazi ni ya nani, na baada ya msaada nani anabaki na deni. Pale ambapo hakuna kisawe kinachotosha, litajwe tendo lenyewe.