Pima Udongo Wako Kabla ya Kupokea Oda

Kikundi cha wafinyanzi kimepata oda ya majiko 50. Fundi wa bati ametoa kipimo: sehemu ya udongo inayokaa ndani ya jiko iwe na upana wa sentimita 25 mdomoni. Wanakikundi wanapima sentimita 25 kwenye udongo mbichi, wanafinyanga, wanaanika na kuchoma. Siku ya kukabidhi mzigo, kila kipande kina sentimita 22 na kinachezacheza ndani ya bati. Udongo, kuni na kazi ya siku nyingi vimepotea bure.

Mfano huu unaonyesha hasara ambayo mfinyanzi anaweza kuiepuka akiwa na rula na daftari.

Kwa nini udongo husinyaa

Udongo mbichi una maji katikati ya chembe zake. Maji hayo yakikauka, chembe husogeleana na chombo hupungua. Kwenye moto chombo hupungua tena, na kadiri moto unavyokuwa mkali ndivyo kinavyozidi kusinyaa. Udongo laini unaonata hupungua zaidi kuliko wenye mchanga. Ndiyo maana kipimo cha jirani hakiwezi kukufaa iwapo mnachimba udongo sehemu tofauti.

Jinsi ya kupima

1. Tengeneza vipande vitano vya udongo uleule unaotumia, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 14, upana wa 4 na unene wa 1.
2. Kwa ncha ya kisu, chora kwenye kila kipande mstari wa sentimita 10 kamili.
3. Vikaushe kivulini ukivigeuza mara kwa mara visipinde.
4. Vichome pamoja na vyungu, ukivitawanya sehemu mbalimbali, kwa kuwa joto halilingani kote.
5. Pima mistari upya na utafute wastani. Mstari wa sentimita 10 ukibaki 8.8, udongo wako umesinyaa kwa asilimia 12.

Hesabu

Wengi hukosea hapa kwa kuongeza asilimia 12 juu ya kipimo cha mteja. Kwa sentimita 25 watapata 28, lakini baada ya kuchoma chombo kitakuwa na 24.6. Njia sahihi ni kutoa 12 kutoka 100, ibaki 88. Kisha gawanya kipimo cha mteja kwa 88 na uzidishe kwa 100. Kwa hiyo 25 inakuwa 28.4, na hicho ndicho kipimo cha udongo mbichi.

Mitungi ya maji inahitaji uangalifu zaidi, kwani husinyaa kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Kwa udongo huohuo, mtungi ambao ukiwa mbichi una nafasi ya lita 20 utabaki na lita 13 na nusu hivi. Mteja aliyeagiza wa lita 20 ataona amepunjwa.

Kupunguza kusinyaa na nyufa

Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikisagwa, kuchekechwa na kuchanganywa na udongo, hupunguza kusinyaa. Ukibadilisha mchanganyiko au shimo la udongo, rudia kipimo.

Nyufa nyingi hutokea sehemu moja ya chombo inapokauka kabla ya nyingine. Anika kivulini, mbali na upepo, na ufunike mdomo kwa karatasi ya plastiki kwa kuwa ndio hukauka kwanza. Mkono wa chungu ubandikwe ukiwa na unyevu sawa na chungu chenyewe, la sivyo utaachia.

Kila kikundi kinashauriwa kuweka daftari lenye tarehe, mahali udongo ulikochimbwa, mchanganyiko na asilimia iliyopatikana. Oda ijayo ikija, jibu litakuwa tayari kabla ya udongo kukandwa.