SOMO LA KIKUNDI: Kusoma Nairobi kwa Miguu



Vikundi vyetu vikienda Nairobi kwa maonyesho, hutazama magorofa, hununua mkate na kurudi nyumbani. Safari ijayo tengeni nusu siku mtembee. Historia ya jiji hili imo katika majina ya mahali. Na kikundi kisichojua ardhi ilikuwa ya nani, na ilipoteaje, hudanganyika upesi.

1. Stesheni ya reli. Anzieni hapa. Reli kutoka Mombasa ilifika Mei 1899. Wakati huo palikuwa na kinamasi na malisho. Wamaasai walinywesha ng'ombe hapa, wakapaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wakikuyu walilima kwenye miinuko ya karibu. Basi mtu akiwaambia hapakuwa na wenyewe, msikubali. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilihamishia makao yake makuu hapa kutoka Mombasa.

2. Barabara ya Kimathi. Zamani iliitwa Hardinge, jina la mtawala Mwingereza. Sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa mwaka 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake.

3. Barabara ya Kenyatta. Hii iliitwa Delamere, jina la mlowezi mwenye mashamba makubwa. Tazameni sanamu tatu za mwaka 1928 za kuwakumbuka waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja hana bunduki. Huyo ni mchukuzi wa mizigo. Wachukuzi walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa. Jina la mtaa wa Kariokor limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

4. Barabara ya Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos mifugo kwa nguvu. Wanaume, wanawake na watoto walikuja Nairobi kudai ng'ombe wao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ililegeza amri ile.

5. Jumba la Kipande. Liko kwenye Barabara ya Kenyatta, na leo ni benki. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Bila hicho alikamatwa.

6. Barabara ya Harry Thuku. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapa kudai Thuku aachiliwe. Wanaume walipositasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea na kuwaongoza akina mama mbele. Polisi walipiga risasi, na yeye akauawa pamoja na watu wengine zaidi ya 20. Barabara ina jina la Thuku. Jina la mama huyu lajulikana na wachache.

7. Mto Nairobi. Malizieni hapa. Yale maji baridi sasa yamechafuka. Ng'ombe hawako, wenyewe walisogezwa, jina tu ndilo limebaki.

MASWALI YA KUJADILI

- Mto, kilima na soko letu vilipewa majina na nani? Yana maana gani?
- Ni majina gani yalibadilishwa, na kwa faida ya nani?
- Ni akina mama gani wa kijiji chetu walifanya kazi kubwa wakasahauliwa?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, tembeeni kijijini pamoja na mzee mmoja na nyanya mmoja. Katibu aandike kila jina na habari zake katika daftari la kikundi. Msingoje. Mzee akituacha leo, kesho hakuna wa kuulizwa.