Zawadi ya Wafilipi na Kawa ya Zinga

Somo: Wafilipi 2:25-30 na 4:10-20

Mwezi huu twataka kutazama pamoja mwisho wa Waraka kwa Wafilipi. Mara nyingi sehemu hii hurukwa, kwa kuwa watu huidhani ni shukrani tu, haina mafundisho.

Paulo alikuwa kifungoni, na wengi husadiki ya kuwa ni huko Rumi. Kutoka Filipi hata Rumi ni mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000, kwa miguu na kwa chombo. Siku zile wajumbe wa Kaisari walikuwa na farasi na vituo vyao njiani, bali mtu wa kawaida hakuwa na posta. Aliyetaka kupeleka kitu alimtafuta mtu wa kukichukua. Wafilipi wakamtuma Epafrodito, naye akaugua hata akawa karibu na kufa. Wala hawakuwa matajiri: Paulo mwenyewe aushuhudia umaskini wa Wakristo wa Makedonia katika 2 Wakorintho 8.

Sasa angalieni mstari wa 18. Neno la Kiyunani alilolitumia Paulo kusema kwamba amekwisha kupokea ndilo neno ambalo wafanya biashara wa siku zile waliliandika katika hati ya kukiri malipo. Yaani, Mtume awapa stakabadhi. Na katika mstari wa 15 ataja kutoa na kupokea, mambo mawili, kama daftari yenye pande mbili.

Sisi Wakristo wa pwani hii tumeuzoea upande mmoja wa daftari. Tangu wamisioni wa kwanza kutoka Berlin walipofika Dar es Salaam mwaka 1887, vitu vingi vimetujia kutoka ng'ambo, vitabu na dawa na fedha za kujengea. Tulipokea, nasi twashukuru. Lakini apokeaye siku zote mwisho hujiona hana cha kutoa, na hilo ni dhara kwa roho.

Mwaka uliopita mama mmoja mjane wa hapa Zinga alitaka kumpelekea rafiki yake aliyeko Ujerumani kawa ndogo ya kufunikia chakula. Alipasua ukindu kuwa chane nyembamba, akazianika, nyingine akazichemsha katika rangi, akasuka ukili, kisha akaushona mzunguko kwa mzunguko siku nyingi. Kazi hiyo alifundishwa na jirani yake Mwislamu, maana huku kwetu mabingwa wa ukili wengi ni majirani zetu hao. (Basi mtu akinunua kawa kwa jirani, aseme ameinunua; asiandike ni kazi ya mikono yake.)

Tulifuatana naye hata posta mjini Bagamoyo, mji ambao umekuwa na posta tangu mwaka 1890, zamani za Wadachi. Karani akatupa karatasi ndogo ya forodha, ambayo nchi za Umoja wa Posta Duniani huiita CN 22. Karatasi hiyo hutaka kuandikwa kilichomo, uzito, thamani, na kama ni zawadi. Kisha mtu hutia sahihi. Tulipofika penye thamani, mama akasema, "Andika sifuri, baba mchungaji. Ni ukili tu."

Tulimkatalia. Sifuri ni uongo uliotiwa sahihi, na watu wa forodha wakiiona hushuku. Tena ni kuidharau kazi ambayo Mungu aliitia mikononi mwake. Tukamwuliza, "Ungeipeleka sokoni, ungeiuza kwa shilingi ngapi?" Akaitaja bei yake, tukaiandika hiyo hiyo.

Walimu na wayajue na haya, wapate kuwasaidia watu. Kifurushi kidogo cha posta kisizidi kilo 2. Ujerumani, kama nchi zote za Umoja wa Ulaya, husamehe ushuru na kodi kwa zawadi isiyozidi euro 45, iwapo imetoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine, wala hakulipwa kitu. Kwa hiyo andikeni jina la mtu, si jina la usharika. Msitie mbegu, wala majani mabichi, wala udongo. Na kitu cha gamba la ng'amba, hata kikiwa kitana cha bibi, hakipitishwi, kwa sababu ya mkataba wa mataifa wa kuwalinda wanyama. Tena kazi ya ukili ikauke kabisa kabla ya kufungwa. Sisi wenyewe tuliwahi kufunga kikapu wakati wa masika katika mfuko wa plastiki, nacho kikafika kimeota ukungu. Aliyekipokea alituandikia shukrani tu. Habari ya ukungu tuliipata mwaka wa pili, kwa mtu mwingine.

Barua ya mama ilikuwa bado haijatiwa ndani. Akatupa tuisome. Chini kabisa, baada ya salamu, alikuwa ameomba mabati ya nyumba yake.

Haja yake ilikuwa ya kweli. Nyumba ile twaijua. Wala kuomba si dhambi: Paulo alimwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu, naye aliomba waziwazi, bila kutanguliza zawadi. Lakini katika mstari wa 17 ajihadhari asidhaniwe kuwa anatafuta kipawa, na jambo hilo tulimweleza mama palepale mbele ya dirisha la karani: ombi likifungwa pamoja na kawa, kawa imekuwa chambo. Hatukusema hivyo kwa wepesi, maana masika yalikuwa karibu. Akafikiri kitambo, kisha akaazima makasi kwa karani, akaikata ile sehemu ya chini.

Habari ya mabati tuliipeleka kwa wazee wa usharika, ambao ndio waliopaswa kuijua kwanza.