Kuirekebisha Amplifaya ya Vali: Ni Nini Hasa Kinachoboreshwa?

Makala haya yanadhamiria kuchunguza kazi ambayo wapiga gitaa wengi huitaja na wachache huieleza: kuirekebisha amplifaya ya vali ili sauti yake ipendeze zaidi. Aghalabu hudhaniwa kwamba fundi anayeifungua amplifaya huongeza nguvu. Hoja yetu ni kinyume cha hiyo. Katika marekebisho yaliyo maarufu, fundi huchagua ni sehemu gani ya sauti ipunguzwe, na ni katika hatua gani sauti iachwe ikwaruze.

Sharti kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. 'Kipaza sauti' limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Wapo wanaolitumia kwa chombo cha kusemea na wapo wanaolitumia kwa chombo kinachotoa sauti. Kwa hiyo tutasema amplifaya kwa mtambo unaokuza umeme hafifu utokao kwenye gitaa, na spika kwa kile kinachotikisa hewa. Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto ikatoa elektroni, anodi ikazivuta, na gridi iliyo katikati ikazizuia au kuziachilia. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huzaa badiliko kubwa kwenye anodi. Wapo wanaopendelea 'mrija', lakini mrija una tundu pande zote mbili ilhali vali haina hata moja.

Mwanafunzi aliyepitia somo la fonetiki anao mtaji wa kulielewa jambo hili. Tukiitamka irabu /a/ na irabu /i/ kwa kidatu kimoja na kwa nguvu ile ile, sikio bado huzitofautisha, kwa kuwa kila moja ina mpangilio wake wa mitetemo inayoambatana na mtetemo wa msingi. Hiyo tuiite rangi ya sauti. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na papo hapo huambatana na mitetemo ya 164, 246 na kuendelea. Vali inaposukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya wimbi, na ukataji huo huzaa mitetemo ya juu ambayo gitaa halikuitoa. Huo ndio mkwaruzo. Vali haikati vilele ghafla mara inapoanza kulemewa. Hivyo hubonyea kwanza, na wapigaji husema sauti ina 'joto'. Kidatu hakijabadilika. Kilichobadilika ni rangi.

Mfano bora wa urekebishaji unatoka London. Mnamo 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki huko Hanwell, alitaka kuwauzia wateja wake amplifaya iliyotengenezwa Uingereza, kwa kuwa zile za Fender kutoka Marekani zilikuwa ghali. Pamoja na Ken Bran na Dudley Craven, aliufuata karibu mchoro wote wa Fender Bassman, uliobuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya gitaa la besi. Matokeo yake ni JTM45. Tofauti zilikuwa chache. Mahali pa vali ya kwanza ya Fender, yenye kipimo cha ukuzaji cha zaidi kidogo ya 40, iliwekwa ECC83 ambayo kipimo chake ni 100, na kwa hiyo hatua zinazofuata zililemewa mapema zaidi. Spika nne za inchi 10 katika kasha lililo wazi nyuma zilibadilishwa kwa spika za Celestion za inchi 12 katika kasha lililofungwa. Mchoro ulibaki karibu ule ule, lakini hakuna msikilizaji mzoefu atakayezichanganya amplifaya hizo mbili.

Wapo waliotumia njia ya mkato. Dave Davies wa kundi la The Kinks aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, na mkwaruzo wake ukasikika katika 'You Really Got Me' ya mwaka 1964. Hatuipendekezi, ingawa ni urekebishaji kamili.

Tutazame kwa makini kijenzi kimoja tu, yaani kapasita ya kathodi. Katika amplifaya nyingi kathodi ya vali ya kwanza huunganishwa na kikinza cha omu 1,500. Sauti inapopita, volti ya kathodi nayo hupanda na kushuka, na hilo hupunguza ukuzaji. Kapasita iliyo sambamba na kikinza huipa mitetemo njia ya pembeni, na ukuzaji hurejea. Kapasita ya mikrofaradi 25 hupitisha kila noti ya gitaa, hata ile ya mitetemo 82. Hapo ndipo tatizo huanzia. Besi hiyo yote huifikia vali ya pili, na inapolemewa huanza kukatika kabla ya noti nyingine na kuzifunika. Kodi ya nyuzi sita husikika kama mvumo wa tope. Tukiweka mikrofaradi 0.68 badala yake, noti za kati na za juu huendelea kukuzwa ilhali za chini hukuzwa kidogo. Marshall wenyewe walitumia kapasita ya kiasi hicho, pamoja na kikinza cha omu 2,700, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa maoni yangu hili ndilo rekebisho la kwanza analopaswa kulijaribu mwanafunzi: ni kijenzi kimoja, bei yake ni ndogo, na kile cha zamani huweza kulehemiwa tena mahali pake. Wauzaji wanaosifu kapasita za majina makubwa huuza jina. Kipimo cha kapasita hubadilisha sauti zaidi.

Kuna jambo lisilo la mzaha. Ndani ya amplifaya ya vali mna volti 300 hadi zaidi ya 400, ilhali umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Kapasita kubwa za kusawazisha umeme huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Chaji huondolewa kupitia kikinza, kisha hupimwa kwa mita kabla ya kidole kugusa chochote. Asiyejua kupima asifungue; ampelekee fundi aliyezoea vali. Amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani huhitaji transfoma ya kupunguza volti, na hakuna amplifaya ya vali inayopaswa kuwashwa bila spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti huweza kuungua.

Badiliko lifanywe moja kwa wakati mmoja, na sauti irekodiwe kabla na baada. Wakati wa kulinganisha, rekodi zote mbili zichezwe kwa ukubwa ule ule, kwa sababu sikio huelekea kuipendelea ile iliyo kubwa zaidi hata kama rangi yake haikubadilika.