Mhitimu Ajiandae Kabla ya Tangazo la Ajira

Nafasi nyingi za kazi serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal. Aghalabu tangazo hudumu wiki mbili tu. Muda huo hautoshi kusahihisha nyaraka zenye kasoro.

Kasoro inayowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisomeka “Saidi”, cha kidato cha nne “Said”, mwombaji hutakiwa kuthibitisha kisheria kwamba ni mtu yuleyule. Hivyo, mhitimu aviweke mezani vyeti vyote pamoja na Kitambulisho cha Taifa, avilinganishe herufi kwa herufi. Penye tofauti, amwone wakili mapema.

Aidha, azingatie yafuatayo:

1. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti kamili.
2. Cheti cha nje ya nchi kihakikiwe: cha sekondari na Baraza la Mitihani, cha chuo kikuu na Tume ya Vyuo Vikuu.
3. Barua ya maombi isainiwe, na wasifu utaje wadhamini watatu wa kuaminika.

Elimu humstahilisha mtu kuomba. Nyaraka sahihi ndizo humfikisha kwenye usaili.