Somo la 27: Ushahidi kwa Asiyesadiki

Watoto wa Goma wajua mazuku. Mgeni atokaye mbali hajui, lakini mtoto aliyekulia kando ya njia iendayo Sake ameonywa na mama yake tangu udogo: "Usilale bondeni kule. Usimfuate mbuzi shimoni alfajiri." Ukimwuliza mama, "Kuna nini kule?" atajibu, "Kuna mazuku." Nawe ukitazama huoni kitu. Hapana moshi, hapana rangi, hapana harufu. Majani yamesimama, na mawe meusi ya volkano yapo pale pale.

Basi wazee walijuaje kwamba kuna kitu? Walijua kwa alama. Asubuhi walikuta ndege amekufa, panya amekufa, mbuzi amelala chini bila jeraha. Na mtu akishusha kijinga cha moto katika shimo lenye mazuku mengi, moto huzimika kana kwamba umetiwa maji. Kitu kisichokuwapo hakizimi moto. Baadaye walikuja wataalamu wa volkano na vyombo vyao, wakapima, wakasema: ni gesi kaboniki. Hutoka chini katika nyufa za ardhi, nayo ni nzito kuliko hewa tuvutayo. Kwa hiyo hujikusanya mabondeni, hasa usiku upepo ukitulia. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Wataalamu walileta vipimo. Lakini kwamba kitu kipo, wazee walilijua hilo zamani.

Sisemi kwamba Mungu ni kama mazuku. Huo ungekuwa mfano mbaya sana. Mazuku ni kitu kimoja kati ya vitu vingi, chapimika, tena chaua. Mungu si kitu kati ya vitu. Nataka neno moja tu likae akilini mwenu: mtu asemaye, "Nisichokiona hakipo," hawezi kukaa Goma siku nyingi.

Lakini asiyesadiki mwenye akili hasemi hivyo. Yeye asema: "Nionyeshe alama. Mazuku yana mbuzi waliokufa. Mungu wako ana nini?" Hilo ni swali la haki, lastahili jibu la haki. Wala tusiharakie kulijibu, maana ushahidi mbovu hudhuru kuliko kukosa ushahidi.

Tuseme mzee mmoja alikuwa na nyumba katikati ya mji, nayo ikateketea mwaka 2002. Amekutana njiani na katekista wa mtaa wake.

— Mwalimu, wewe wawafundisha wajukuu wangu. Vema, wafundishe. Lakini mimi sisadiki. Kama Mungu angaliuzuia moto ule, ningalisadiki.

— Pole, Baba. Nyumba ni jasho la mtu. Lakini nikuulize. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoka tena, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, haikufika katikati ya mji. Je, siku ile ulisadiki?

— Hapana. Nilisema lava imeishiwa nguvu.

— Nami nasema vile vile, Baba.

— Wewe? Katekista?

— Mimi. Lava hufuata mteremko. Husimama ikipoa, na ikikosa nyingine nyuma yake ya kuisukuma. Wako jirani zangu waliosema, "Sala zetu ziliisimamisha." Sikuwakataza kumshukuru Mungu. Lakini usiku ule ule, vijijini kaskazini ya mji, nyumba ziliungua na watu walikufa. Hao nao walisali.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema:

— Basi una nini cha kunionyesha?

Tumwache mzee na swali lake kwanza, tuangalie kama katekista alisema vema. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu mpaka ikaingia ziwani. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege. Iliteketeza maelfu ya nyumba, na pamoja nazo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Sasa mtu akisema kwamba kusimama kwa lava mwaka 2021 ni ushahidi kwamba Mungu yupo, atasema nini juu ya kanisa kuu? Itampasa akiri kwamba mwaka 2002 ushahidi ulikuwa kinyume chake. Shahidi anayetutetea siku ya neema na kutugeuka siku ya msiba, baraza lolote lingemfukuza. Kumshukuru Mungu tuliponea ni wajibu wetu. Lakini hiyo ni sala, na sala ni jambo jingine.

Wala ajabu peke yake haimlazimishi mtu. Katika Injili ya Yohane twasoma habari za Lazaro wa Betania aliyefufuliwa kaburini. Watu wengi walimwona akitembea. Makuhani wakuu hawakukana kwamba yu hai. Walifanya shauri la kumwua.

Yuko padri mmoja aliyeelewa vema sana jambo hili la ushahidi mbovu. Jina lake Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894. Alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu wapanuka, na mwaka 1931 akaandika kwamba vitu vyote vilianza vikiwa vimebanana pamoja, kama mbegu moja. Wakristu wengi walifurahi wakidhani sasa elimu imethibitisha sura ya kwanza ya Biblia. Mwezi wa Novemba 1951 Papa Pio XII naye, akiwahutubia wataalamu wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi, alionyesha jinsi elimu hiyo mpya ielekeavyo kwa Muumba. Lemaître hakupendezwa. Aliona kwamba nadharia ya wataalamu yaweza kubadilishwa kesho, na haifai imani ifungwe juu yake kama ng'ombe juu ya mti mbichi. Yeye alisali kama padri, akapiga hesabu kama mtaalamu, wala hakutaka hesabu zifanye kazi ya sala. Kwangu mimi, padri yule alimheshimu Mungu kuliko wengi wapigao kelele kwa ajili yake.

Basi tuje kwenye ushahidi ulio mwema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliandika njia tano za kumjua Mungu kwa akili. Napenda mjue kwanza jinsi alivyoanza. Kabla ya kutaja hata njia moja, aliweka mbele ya msomaji mapingamizi mawili: la kwanza, kwamba ulimwenguni mna ubaya, la pili, kwamba mambo ya dunia yaweza kuelezwa kwa nguvu za dunia yenyewe. Hakuyaficha. Hata leo wasiosadiki wengi hawana mengine makubwa kuliko hayo.

Njia moja yake nitaieleza kwa mabidoni. Asubuhi twaona watu wakiteka maji katika ziwa Kivu. Tuseme wamejipanga mstari toka ufukoni mpaka Birere, kila mtu apokea bidoni kwa mwenzake na kumpa afuataye. Mwulize wa mwisho: "Maji haya umeyapata wapi?" Asema: "Kwa huyu." Mwulize huyu; naye asema: "Kwa yule." Sasa mtu akuambie: "Mstari huu hauna mwanzo, wala hapana ziwa. Kila mmoja amepokea tu." Utakubali? Mstari ukiongezwa urefu hauzai maji. Watu elfu wasio na maji yao wenyewe ni sawa na mtu mmoja asiye na maji.

Na vitu vyote tuvionavyo vimepokea kuwapo kwao. Mimi zamani sikuwapo. Nyiragongo, mlima ule wenye mita 3,470, zamani haukuwapo. Jua lenyewe lina mwanzo wake, nalo litakwisha. Hapana hata kimoja kiwezacho kusema, "Mimi nipo kwa nguvu yangu." Hata sasa hivi, tunaposoma, vyasimama kwa kushikwa. Basi yuko Mmoja asiyepokea, ambaye kuwapo ni kwake mwenyewe. Huyo twamwita Mungu.

Mwanafunzi mkali atainua mkono: "Lakini ziwa nalo lapokea maji ya mvua na ya mito!" Vema, umesikiliza. Kila mfano huchechemea mguu mmoja. Ziwa limesimama tu mahali pa Yule asiyepokea. Mwingine atauliza: "Na Mungu aliumbwa na nani?" Huyo hakusikiliza, arudie mstari tangu mwanzo.

Je, hoja hii itamgeuza kila mtu? Hapana. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili ya mtu yaweza kumjua Mungu kwa hakika kutokana na vitu vilivyoumbwa. Ulisema yaweza, haukusema kwamba kila mtu atasadiki kwa somo moja. Mtakatifu Tomaso mwenyewe aliandika kwamba kwa akili peke yake ni wachache wangefika, tena baada ya muda mrefu, na makosa mengi yakiwa yamechanganyika. Asiyesadiki aweza kujibu: "Labda ulimwengu upo tu, bila sababu." Msimcheke. Mwulizeni kwa upole tu: akikuta bidoni tupu nyumbani, huuliza ni nani aliyemaliza maji; mbona aacha kuuliza mbele ya jambo lililo kubwa kuliko yote?

Lile pingamizi la ubaya ni zito zaidi. Mtu aliyezika mtoto wake hatumletei habari za mabidoni. Tukae naye, tule naye ugali wa msibani, tunyamaze. Akitaka kusema, atasema. Sisi Wakristu hatuna hoja iliyofuta machozi hayo. Tuna Msalaba, ambapo Mungu mwenyewe alipigwa. Lakini hilo lajulikana kwa imani, si kwa ushahidi wa somo hili.

Mji wetu una alama ya namna nyingine. Mwaka 1981 alizaliwa hapa Goma Floribert Bwana Chui. Alisoma sheria, akawa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia maibobo wa njiani wapate kusoma. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa, hapa mpakani. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama chakula kiingiacho chafaa kuliwa. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Alipewa ahadi ya fedha ili aupitishe, akakataa. Akaonywa kwa vitisho, akakataa. Mwezi wa Julai alikamatwa na watu, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Je, kifo chake ni ushahidi kwamba Mungu yupo? Tuseme kweli: si ushahidi kama hesabu. Watu wamekufa hata kwa ajili ya uongo. Lakini fikirini aliombwa nini. Aliombwa kibali tu. Mchele ungaliuzwa sokoni kwa maskini, ungalipikwa, ungaliliwa, na mama aliyemwuguza mtoto wake asingalijua kamwe ni mkono wa nani ulioupitisha. Fedha zilikuwa karibu, zaonekana. Wale watakaokula walikuwa mbali, hawaonekani. Floribert aliwahesabu wasioonekana kuwa wa kweli kuliko fedha zilizoonekana.

Ikiwa duniani hamna ila mawe na gesi na matumbo, basi Floribert alikosea hesabu. Maana alitoa kila kitu, akapata kaburi. Mwulizeni asiyesadiki swali hilo wazi: alikosea? Nadhani wengi watasema, "Hapana, alifanya vema." Nao watasema hivyo kwa moyo, kwa kuwa wengi wao ni watu wa haki, na dhamiri yawaamuru wao kama itwamuruvyo sisi. Lakini amri hiyo yatoka wapi, hata iwe na haki ya kumwambia kijana wa miaka 26, "Usipitishe mchele huu, hata wakikuua"? Jiwe haliamuru. Serikali haikuwa pale usiku ule. Fedha ziliamuru kinyume. Hapa ni kama kijinga kinachozimika shimoni: kuna kitu.

Turudi kwa mzee wetu. Katekista alimweleza habari hiyo palepale njiani, huku machukudu yakipita na mizigo ya makaa.

— Kijana huyo nilimsikia, alisema mzee. Hakukosea.

— Kwa nini hakukosea, Baba?

Mzee alitazama Nyiragongo. Siku ile kilele kilikuwa katika mawingu.

— Swali lako gumu, Mwalimu. Jumapili utakuwa nyumbani?

— Baada ya misa, nitakuwapo.

— Nitakuja baada ya misa. Si kwa ajili ya misa, usifurahi. Nitakuja tuongee.

— Karibu, Baba. Mke wangu atatupikia sambaza.

MASWALI

1. Wazee walijuaje kwamba kuna mazuku, hali hawakuyaona?
2. Kwa nini katekista hakutaka kutumia habari ya lava ya mwaka 2021 kuwa ushahidi?
3. Padri Lemaître aliogopa jambo gani?
4. Eleza mfano wa mabidoni kwa maneno yako mwenyewe. Mguu wake uchechemeao ni upi?
5. Mzee aliulizwa kwa nini Floribert hakukosea. Andika jibu ambalo mzee angeweza kumletea katekista siku ya Jumapili. Kisha andika jibu la katekista.